Shamba Lililofungwa kwa Wino

Mume wangu, Bwana Othmani, alitunza ghala la kampuni moja ya magari ya mizigo hapa Iringa kwa muda wa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote haukupotea hata msumari mmoja. Hilo nalisema mwanzo ili nimtendee haki, kwa maana mengi nitakayoyasema baadaye hayatampendeza. Alipostaafu mwishoni mwa mwaka 1954 alipewa kiinua mgongo cha shilingi elfu moja na mia mbili, na barua ya shukrani ambayo hakuna aliyeweza kutusomea sahihi yake.

Mwezi uleule wakubwa wa mji walitoa tangazo. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umekula nyumba sita za mtaa wetu, kwa hiyo nyumba zote za nyasi ziezekwe kwa mabati kabla Septemba ya mwaka 1955 haijakwisha. Nyumba itakayokutwa na nyasi baada ya hapo itabomolewa, na kiwanja kitapewa mtu mwingine. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu, na vyote vitatu vilikuwa chini ya nyasi.

Niliona jambo lenyewe ni jepesi. Fedha ilikuwa ndani ya sanduku, mabati yalikuwa dukani, na seremala, Mzee Philbert, alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Bati ni matumizi," mume wangu akaniambia. "Halizai."

"Hata nyasi hazizai."

"Sikiliza, Mama Jaha. Mtu mjinga hupata fedha akanunua kitu. Mtu mwenye akili huipeleka fedha ikazae, akanunua kitu kwa watoto wa ile fedha, na mama yao akabaki nyumbani. Mabati tutayanunua kwa faida. Mtaji hauguswi."

Tangu siku hiyo Bwana Othmani akawa mtu wa mtaji. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa barazani na gazeti la juma lililopita, akaikagua nchi nzima kama alivyokuwa akikagua rafu za ghala, na nchi haikumridhisha hata siku moja.

"Chai inachumwa Mufindi," alisema, "karibu hapa, mtu angeweza kuifuata kwa miguu. Inakwenda Ulaya kupewa jina, inarudi ndani ya karatasi ya kung'aa, nasi tunapanga mstari kuinunua. Tunauza ngozi tununue viatu. Tunauza pamba tununue fulana. Nchi ya namna hii ni kama mtu auzaye kuku wake ili anunue yai."

Sikatai kwamba katika hayo palikuwa na ukweli. Mume wangu hakuwa mpumbavu, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumwonya. Alijua bei ya kahawa ilivyopanda siku za vita vya Korea na ilivyoshuka baadaye, na aliwacheka wakulima wa Tukuyu walionunua gramafoni katika mwaka wa neema. "Sasa wanacheza dansi na njaa," alisema. Aliwacheka waliokwenda Lupa kutafuta dhahabu na kurudi na majembe yaliyochakaa. Zaidi ya wote aliicheka Serikali kwa mashamba yake makubwa ya karanga. "Walileta matrekta kabla ya kuiuliza ardhi. Wangemwuliza bibi mmoja tu mwenye jembe, angewaambia habari zote bila mshahara." Kisha alicheka mpaka kofia ikamlegea.

Alipomaliza nchi alishuka kwa majirani. Mzee Philbert, ambaye ni Mluteri mwenye watoto saba na subira nyingi, alikuwa amenunua baiskeli yenye taa ya dainamo.

"Jirani," mume wangu akamwuliza, "mtu anayelala na kuku, taa ni ya nini?"

"Ni ya kukutafutia wewe, Bwana Othmani, siku utakapopotea."

"Mimi nitapotea wapi? Sina baiskeli ya kunipoteza."

Alipomaliza majirani aliingia jikoni. Sukari katika chai, alisema, ni kodi ambayo mtu anajitoza mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipewa kijiko kimoja, na mgeni hakuwa na kijiko. Kanga mpya ya Idi ilikuwa ni kulivisha kabati. Viatu vya binti yetu Jaha, aliyekuwa na miaka kumi na minne, vilikuwa "kuifundisha miguu uvivu." Mimi nilikuwa nikikaanga vitumbua na kuviuza sokoni, na ndivyo vilivyotulisha miezi hiyo, lakini hilo hakulitaja, kwa kuwa hakuliona gazetini.

Mwezi wa Machi alipata nafasi ya bure katika lori la kampuni yake ya zamani, akaenda mpaka Chimala, na wakati wa kurudi akaingia Rujewa. Alirudi uso ukimng'aa. Mpunga wa Usangu, alinieleza, huuzwa kwa bei ya kutupa ungali kijani, kwa sababu wakulima wanaishiwa kabla ya mavuno. Yeye amenunua shamba zima la mjane mmoja aitwaye Ikupa, mpunga ukiwa haujatoa hata suke, kwa shilingi elfu moja na mia moja. Shamba litatoa magunia hamsini. Binamu yake Makame, mfanyabiashara wa Mbeya, amekubali kununua kila gunia kwa shilingi arobaini na tano.

"Piga hesabu," akaniambia.

Nikapiga. Hesabu ilikuwa sawa. Hesabu zake zilikuwa sawa siku zote.

"Na huyo mjane," akaendelea, "fedha ile ataimaliza kwa pombe kabla ya Pasaka. Ndivyo watu wanavyobaki maskini. Lakini mimi nimejilinda. Soma hapa."

Akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake mzuri wa ghalani, nami nikasoma: "Mpunga wote uliosimama katika shamba hili ni mali ya mnunuzi tangu leo. Muuzaji, watoto wake na jamaa zake hawana ruhusa kuingia shambani kwa sababu yoyote ile mpaka mnunuzi atakapofika kuvuna. Atakayeonekana humo atahesabiwa kuwa mwizi."

"Umeyaona maneno hayo, 'kwa sababu yoyote ile'?" akauliza. "Hilo ndilo kufuli."

Mimi ni mtoto wa mjini kama yeye. Baba yangu alikuwa fundi viatu. Sikuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Usangu angeuliza, na kwa hilo nami nina sehemu yangu ya aibu.

Mwanzoni mwa Mei ilikuja barua iliyoandikwa na mwalimu wa kanisa la Rujewa kwa niaba ya Ikupa. Ilikuwa fupi. "Bwana, mpunga wako umeanza kuweka maziwa na ndege wamefika. Mimi nimekatazwa kuingia. Tafadhali lete watu wako."

Mume wangu aliisoma, akatabasamu, akaikunja.

"Mbinu ya zamani," alisema. "Anataka nimlipe tena kwa kitu nilichokwisha kukilipia. Ndege wanakula kiasi gani? Ndege ana tumbo dogo kama kidole."

"Na wakiwa wengi?"

"Kulipa watu wasimame shambani wakiangalia mbingu, hayo ni matumizi. Matumizi ndiyo yanayoiua nchi hii."

Niliichukua barua nikaisoma mara tatu. Maneno "lete watu wako" hayakuwa maneno ya mtu anayeomba fedha. Nikamwambia mume wangu kwamba nitakwenda Rujewa kuona kwa macho yangu.

"Nenda," akasema, "lakini nauli itoke kwenye vitumbua."

Ikatoka kwenye vitumbua. Nikamwachia Jaha jiko, nikapanda gari la abiria la kwenda Mbeya, nikashuka njia panda, nikatembea hadi jua lilipopinda.

Ikupa alikuwa ameketi mlangoni kwake, mikono mapajani, akitazama shamba lililokuwa mbele ya nyumba kama mtu anayetazama harusi ya watu wengine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Ukutani palikuwa na plau mpya iliyopakwa mafuta, na kando ya nyumba walifungwa ndama dume wawili.

Tukasalimiana. Nikajitaja kuwa mke wa mnunuzi.

"Karibu, mama. Umechelewa, lakini karibu."

"Plau hii ni yako?"

"Ni ya fedha ya bwana wako. Na ndama nao. Mwakani silimi tena kwa jembe." Akanisogezea kigoda. "Yeye mwenyewe hajambo?"

Kabla sijajibu wingu lilishuka juu ya shamba. Sijui neno jingine. Walikuwa kwelea kwelea, ndege wadogo wenye midomo myekundu, na walipotua mabua yaliinama yote kwa pamoja, na ikasikika sauti kama ya mvua juu ya majani makavu. Hiyo ilikuwa sauti ya kula.

"Mbona huwafukuzi?" nikauliza, nami nimekwisha kusimama.

"Mama, kasome karatasi yako."

"Nimeisoma."

"Basi nisomee na mimi. Mimi niliweka kidole gumba tu."

Nilikuwa nayo, nikamsomea. Nilipofika kwenye "kwa sababu yoyote ile" aliniomba nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Huyu bwana wako amewahi kulima?"

"Amewahi kutunza ghala."

"La mpunga?"

"La misumari na vipuri."

"Ndiyo maana. Misumari haina ndege." Akafuta macho. "Huku kwetu mwenye mpunga ndiye anayeamia, ndiye anayefukuza ndege. Ndege hawa wakifika, watu wote wanahamia shambani, alfajiri mpaka giza, mwezi mzima, mpaka punje ziwe ngumu. Ukinunua mpunga wa kijani, unanunua na kuamia, au unamwachia muuzaji sehemu yake ili aamie. Nilingoja bwana wako aseme. Hakusema. Akaandika kwamba nikiingia mimi ni mwizi. Mimi mjane, mama. Nikiitwa mwizi na mtu wa mjini mwenye karatasi, nani atanitetea?" Akaonyesha shamba kwa kidevu. "Lakini wale wameingia bila ruhusa. Ukienda karibu, waambie wamehesabiwa wezi."

Nililitazama shamba. Nusu ya juu, upande wa mfereji, masuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi, hayana kitu ndani. Nusu ya chini yalikuwa bado yanainama kwa uzito wake yenyewe. Hapo ndipo zilipokuwa shilingi elfu moja na mia moja, na hapo ndipo ilipokuwa nyumba yetu, nami niliiona ikinyonywa punje moja baada ya nyingine.

"Nataka uingie," nikamwambia. "Wewe na watoto wako na mimi. Tukivuna utapata theluthi."

"Theluthi wape ndege, wao wamezoea kula bure. Mimi nataka nusu."

"Nusu ni nyingi, dada."

"Nusu ya nini? Kila tukibishana inapungua."

Ndege waliruka, wakazunguka, wakatua tena karibu zaidi.

"Nusu," nikasema.

"Iandike."

Niligeuza karatasi ya mume wangu, na nyuma ya maneno yake nikaandika kwamba Ikupa na watoto wake wana ruhusa ya kuingia shambani mchana na usiku, na kwamba kila gunia litakalopatikana litagawanywa sawa kwa sawa. Nikatia jina langu, Mwanakhamisi, mke wa mnunuzi. Sikuwa nimewahi kuandika jambo ambalo mtu mwingine angeweza kunishika kwalo. Ikupa akaweka kidole gumba. Wino ulikuwa haujakauka naye amekwisha kufika mfereji wa pili, akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa mwanadamu.

Kwa siku ishirini na sita niliishi juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililosimamishwa katikati ya shamba. Tulipanda kabla ya mapambazuko na kushuka gizani. Watoto wa Ikupa walifinyanga vidonge vya udongo, wakavikausha, na sisi tukavirusha kwa kombeo. Tulifunga kamba kutoka kona hadi kona, tukatundika makopo matupu, na kila kamba ilipovutwa shamba zima lililia. Mikono ikanitoka malengelenge, sauti ikanikauka. Hata hivyo Ikupa hakuridhika nami.

"Wewe huwafukuzi, mama, unawaita. Unapaza sauti kama mtu anayeuza kitu."

"Nauza vitumbua."

"Basi ndiyo maana wanakuja."

Nilipokuwa juu ya dungu nilipata muda mwingi wa kuufikiria uchumi wa nchi. Nilifikiri kwamba katika maneno yote ya barazani, siku zote alikuwapo mtu aliyenunua na mtu aliyeuza, lakini hakuwahi kuwapo mtu aliyesimama juani kati ya hao wawili akirusha udongo. Nilifikiri pia kwamba mwanamke aliyetabiriwa kunywa fedha yake kabla ya Pasaka alikuwa amenunua plau na ndama wawili, wakati mtu wa mtaji alikuwa amenunua chakula cha ndege. Nilitamani kumwambia mume wangu hayo, lakini kutoka Rujewa asingenisikia, na hata karibu hakuwa msikivu.

Tulivuna mwezi wa Juni. Yakatoka magunia ishirini na mawili. Kumi na moja yakawa ya Ikupa, kumi na moja yetu. Aliyahesabu kwa kuyapiga kofi moja moja, kisha akanisindikiza mpaka kwenye lori la Mbeya, akanipa kuku, akasema mwakani nisilete karatasi.

Gunia moja nilimwekea Mzee Philbert kuwa ujira wa kuezeka. Kumi nikampelekea Makame dukani kwake. Makame ni mtu mnene, mpole, asiyependa ugomvi, nami niliona usoni mwake kwamba ugomvi umemfikia.

"Shemeji," akasema, "Bwana Othmani ameniandikia. Anasema fedha ya mpunga niiweke hapa. Mwakani anataka kununua mashamba mawili."

"Kwa fedha ipi?"

"Kwa mtaji na faida."

"Faida ipi, shemeji? Alitoa elfu moja na mia moja. Haya magunia kumi yote ni mia nne na hamsini."

Alitazama magunia, akatazama barua, akatazama mikono yangu.

"Nataka mabati," nikasema. "Sitaki senti hata moja mkononi. Nipe mabati na misumari, uandike katika jibu lako kwake kwamba niliyachukua mimi."

"Atakasirika."

"Atakasirika chini ya paa."

Makame aliikunja barua, akaitia mfukoni. Kisha akamwita mpagazi, akaamuru mabati thelathini na saba yatolewe.

Niliingia Iringa nikiwa juu ya mabati hayo. Mume wangu alitoka nje, na kwa mazoea ya miaka ishirini na sita aliyahesabu kwanza kabla ya kunisalimu.

"Thelathini na saba," akasema. "Na mpunga?"

"Ndio huu."

Nikampa karatasi. Alisoma upande wake, akaigeuza, akasoma upande wangu. Alisoma polepole sana.

"Bei ya dunia imeanguka," akasema mwishowe.

"Bei iko palepale. Walioanguka ni ndege, kutoka juu, nami niliwaona."

Jioni ile hakukaa barazani, na kesho yake alisema ana mafua.

Mzee Philbert aliezeka vyumba viwili. Kwa chumba cha tatu mabati hayakutosha, na hapakuwa na njia ya kupata mengine. Kilichobaki cha kiinua mgongo kilikuwa kimekwenda kwenye mbao za vile viwili, na hakuna duka lililotukopesha. Septemba ikafika mwisho wake, na nyumba zilianza kukaguliwa kutoka upande wa juu wa mtaa. Nyumba ya mjane mmoja ilibomolewa Jumatatu. Jumanne asubuhi nikaazima ngazi ya Philbert, nikapanda, nikaanza kuvua nyasi za chumba cha tatu, konzi kwa konzi, na kuzitupa nje ya kiwanja, ili nyumba isikutwe na nyasi.

Mume wangu alisimama chini akinitazama. Nilingoja aniambie kwamba naharibu mali. Badala yake aliondoa kofia, akaitundika, akaja kushika ngazi. Baadaye akazikusanya nyasi na kuzibeba mwenyewe mpaka bondeni, safari tano, mbele ya majirani wote aliowahi kuwakagua. Hakuna aliyecheka. Nadhani Philbert alitaka, lakini alikuwa na misumari mdomoni.

Karani wa mji alifika mchana na daftari lake. Akatazama chumba cha kwanza, akaandika. Akatazama cha pili, akaandika. Akaingia cha tatu, akainua uso, akakutana na jua.

"Na hiki ni nini?"

Nilimwona mume wangu anavuta pumzi, nikaogopa kwamba ataanza habari za pamba na fulana, na kwamba karani atachoka na kuandika neno baya.

"Huu ni ua," akasema Bwana Othmani.

"Ua wenye dirisha?"

"Ua wenye dirisha."

"Mtu gani hujenga ua wenye dirisha, mzee?"

"Mtu mwenye fedha ya kuchezea," akajibu mume wangu, na uso wake haukucheka.

Karani alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, na vumbi la nyasi lilikuwa bado limejaa kichwani mwangu. Akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika: vyumba viwili, bati, ua mmoja. Akatuombea mchana mwema, akaenda kugonga nyumba inayofuata.